Kiti cha Howgate

Hilda Fearon alikuwa na ugonjwa mmoja ambao daktari hakuwahi kuupa jina: hakuweza kukaa. Miaka thelathini na moja alisambaza barua bonde zima la Kelbeck, kwa miguu na kwa baiskeli, na alipostaafu, miguu haikupewa taarifa. Akila, anakula amesimama. Akitazama televisheni, anaitazama huku anapiga pasi, na nguo zikiisha anazikunja upya. Majirani walisema siku akifa itabidi jeneza lifungwe kamba.

Ndiyo maana ilikuwa kichekesho cha bonde kwamba mwanamke huyo huyo, akiwa na miaka sitini na minane, alichokitaka kuliko vyote duniani ni kiti.

Kiti chenyewe hakikuwa hata kizuri. Kilikuwa cha mwaloni, kigumu, kimoja kati ya kumi na sita vilivyoizunguka meza ya sakristia, chumba cha kando cha kanisa la Kelbeck. Kila kiti kilikuwa na mtu wake, na watu hao waliitwa Kumi na Sita, basi. Tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, wao ndio walioamua nani ashike funguo za kanisa, wanyama gani waende malisho ya pamoja, na nani atengeneze kipande kipi cha ukuta wa makaburi. Serikali zilikuja na mabaraza yake na fomu zake, na Kumi na Sita wakaendelea kukutana kila mwaka, Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, saa nane mchana, kana kwamba hawajasikia.

Kiti cha kina Fearon alikikalia baba yake Hilda, kisha kaka yake Wilfred. Na Hilda? Hilda alikuwa mtu wa chai. Miaka arobaini aliingia na birika, vikombe, mikate yenye nyama ya nguruwe na keki ya tangawizi, akaweka mezani, akasikia nusu ya sentensi, akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Kichwa chake kilikuwa kimejaa nusu hizo. "Kuhusu lile lango la..." "Tukimruhusu yeye, basi na..." Miaka arobaini ya sentensi zisizo na mikia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nje akamwambia lango lile liliishia wapi.

Wilfred alifariki Februari. Hakuacha mke wala mtoto. Wiki moja baada ya mazishi, Hilda alimfuata mwenyekiti, Lancelot Tolson, kwenye zizi la mwanawe.

"Lance, kiti cha Wilfred nakitaka mimi."

Lancelot alikuwa amemshika kondoo mguu wa nyuma, na hakumwachia. "Unakitaka ukipeleke wapi?"

"Nikikalie, mjinga wewe."

"Wewe? Ukae?" Alicheka mpaka kondoo akapata nafasi ya kuponyoka. "Binti, tutalazimika kukupigilia misumari!"

Alimwita binti tangu walipokuwa darasa moja, ingawa Lancelot ndiye mdogo kwa miezi mitatu.

"Cheka, ukimaliza unijibu."

"Haya, nimemaliza." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mwanamke hajawahi kukaa pale, Hilda. Sisemi mimi, ni desturi. Na mimi desturi siigusi. Lakini kitabu cha zamani kipo mjini, kwenye ofisi ya nyaraka. Niletee karatasi yenye mwanamke mmoja. Mmoja tu, aliyeketi na Kumi na Sita. Nitakuvutia kiti kwa mkono wangu."

"Na nisipompata?"

"Tutamwita binamu yenu Cuthbert."

"Cuthbert hajui hata kondoo ana miguu mingapi!"

"Atahesabu akifika," alisema Lancelot. "Minne si mingi."

*

Basi la kwenda mjini lilikuwa limeshafutwa, kwa hiyo Hilda alipanda gari la Yvonne Prudhoe. Hilo nalo lilimwasha kidogo. Yvonne alitoka Newcastle, alimwita kila mtu mpenzi, hata polisi, hata kasisi, na miaka sita iliyopita aliinunua Howgate, nyumba ya kina Fearon, wakati Hilda na Wilfred waliposhindwa na paa lake. Wao wakahamia kinyumba kidogo karibu na daraja. Yvonne akaezeka paa, halafu akaleta alpaka wanne, wanyama wenye shingo kama ngamia aliyenyimwa nundu, akawafuga mbele ya macho ya bonde lililojua kondoo tu.

"Wazima wale ngamia wako?" Hilda aliuliza, akipapasa mkanda wa gari.

"Si ngamia, mpenzi, unajua si ngamia."

"Jana mmoja amemtemea mate Amos Bowness."

"Amos alimwambia nini?"

"Alimwita ngamia."

Yvonne alicheka mpaka gari likayumba. Kumchukia mtu wa namna hiyo kunataka bidii, na Hilda alikuwa amejaribu miaka sita.

Ofisi ya nyaraka ilikuwa na sheria kuliko jela. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Chai hairuhusiwi. Kuzungukazunguka hakuruhusiwi, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mtunza nyaraka, Bwana Ismay, kijana mwenye sauti ya kunong'ona hata alipokuwa akipiga chafya, alikilaza kitabu cha Kumi na Sita juu ya mto kama mgonjwa, akarudi mezani kwake. Dakika tano baadaye alinyanyua kichwa.

"Mama, tafadhali. Kaa."

"Ninasoma."

"Unasoma huku unatembea."

Yvonne aliinamia ukurasa. "Haya ni maandishi, au kuku amepita?"

Lakini Hilda alikuwa mtu wa posta. Aliwahi kufikisha barua iliyoandikwa tu "Joe, lango jeusi, si yule Joe mwingine." Hakukuwa na mwandiko mbaya duniani ambao ungemtisha. Alipita kwenye kurasa kama apitavyo kwenye vichochoro: kuta, lango, mbwa mzururaji wa nani, kengele imepasuka, tena kuta. Majina kumi na sita kila mkutano, na kila jina lilitanguliwa na jina la nyumba. Raisgill, Tolson. Nether Moss, Bowness. Howgate, Fearon. Wanaume, wanaume, wanaume.

Kisha, mkutano wa dharura, Januari 1741: Howgate, *Agnes* Fearon.

"Huyu hapa!" alipiga kelele, na watu sita waliokuwa wakitafuta babu zao kimya kimya waligeuka kwa pamoja.

"Mama," alinong'ona Bwana Ismay, kwa uchungu.

Yvonne alikuwa na daftari la mazishi, lililopigwa chapa upya na hivyo kusomeka na binadamu wa kawaida. Alipitisha kidole. Kidole kikasimama. "Mpenzi, mumewe alikuwa nani? Isaac?"

"Isaac, ndiyo."

"Amezikwa Novemba tisa, 1741."

Januari hadi Novemba: kwa hiyo Agnes alipoketi, mumewe alikuwa hai. Alimsikia Lancelot waziwazi, kana kwamba amekaa kwenye mto pamoja na kitabu: Binti, mume alikuwa na mafua, mke kaja kutoa taarifa. Pengine aliwaletea chai.

Alitoka nje. Akauzunguka uwanja wa magari mara moja, mara mbili, mara saba. Yvonne alijaribu kumfuata, akachoka, akasubiri penye kona ambapo lazima angepita tena.

"Mpenzi, hebu zungumza kitu kingine, utapata kizunguzungu. Niambie, lile shamba la nyasi nililokodi kwa Kumi na Sita, mkataba unaisha lini? Desemba?"

"Desemba! Nani kakwambia Desemba? Kelbeck mwaka wa malisho unaanza tarehe ishirini na tano Machi. Tangu zamani. Baba yangu alisema hata mwaka wenyewe, mwaka wa watu, ulikuwa ukianza..."

Miguu ilisimama. Yvonne alisema baadaye kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona Hilda akiwa na urefu kamili.

Walirudi ndani mbio, jambo ambalo nalo haliruhusiwi.

"Ni kweli," alisema Bwana Ismay. "Siku zile mwaka ulibadilika Machi. Januari ya 1741 ilikuja baada ya Novemba ya 1741. Watu wanalia kwenye meza hii kila wiki kwa sababu ya jambo hilo."

Kwa hiyo Isaac alikuwa ameshalala kaburini miezi miwili. Agnes aliingia sakristia peke yake, mjane, Januari, kwenye theluji, akavuta kiti akakaa. Hilda alitaka kuona tu kama Agnes alikaa tena, kwa hiyo alitazama ukurasa ulioelekeana nao.

Mistari minne. Aliisoma mara moja, upesi, kama mtu anayesoma simu ya kifo.

*Agnes Fearon amehama Howgate na anakaa kwa binti yake. Kwa haki ya nyumba, kiti ni cha Thomas Bewley, akaaye Howgate sasa. Maana kiti hufuata nyumba ambamo moto unawashwa, wala hakifuati jina wala damu.*

"Imeandikwa nini hapo?" Yvonne aliuliza juu ya bega lake. Nywele zake zilinukia moshi wa Howgate, nyumba ambamo yeye ndiye aliyekuwa akiwasha moto kila asubuhi.

"Kondoo," alisema Hilda. "Mambo ya kondoo tu."

Bwana Ismay aliwapigia nakala. Mashine yake ilipiga kitabu kikiwa wazi, kurasa zote mbili kwenye karatasi moja. Hilda aliikunja katikati, Agnes upande wa nje, akaitia kwenye mkoba na kuukalia mkoba njia nzima.

*

Zilibaki siku kumi na moja. Hilda alisugua sakafu mpaka ikakosa rangi. Alipalilia makaburi ya watu asiowajua. Alikwenda kwenye kipande cha Howgate cha ukuta wa makaburi, hatua kumi na tisa kutoka langoni hadi kwenye jiwe lenye herufi H, akalishusha jiwe moja na kulirudisha, akalishusha tena. Wilfred na yeye waliutengeneza ukuta ule miaka yote, hata baada ya kuhama. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Desturi.

Alijipa hoja. Sheria ya miaka karibu mia tatu, nani anaijua? Wilfred mwenyewe alikaa miaka sita akiwa anaishi darajani, na mbingu hazikuanguka. Na Yvonne hakutaka kiti. Yvonne hata hakujua kuna kitu cha kutaka. Huwezi kumwibia mtu kitu asichojua ni chake. Hoja ilikuwa nzuri sana mchana. Tatizo, kila alipokutana na Yvonne njiani, hoja ilikuwa na shughuli kwingine.

"Mpenzi, umekonda! Ile karatasi ipo salama?"

"Ipo."

"Mimi nimewaambia hata alpaka. Jumanne Hilda anakaa!"

Jumanne ikafika. Watu kumi na watano walisimama kwenye sakristia wakiwa na makoti mazuri na shingo zilizonyolewa vibaya. Hilda alimpa Lancelot karatasi, imekunjwa. Lancelot alivaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nasikia harufu ya mwanamke," alisema mwishowe, "ila siwezi kumsoma. Nionyeshe."

Hilda alimwonyesha. Alieleza Januari na Machi. Walibishana kidogo, kwa heshima ya desturi, halafu Amos Bowness, mzee kuliko wote, aliyezaliwa na kuishi na kuapa kufia Nether Moss, akasema, "Mwaka ulianza Machi. Hata babu yangu alijua hilo, na babu yangu hakujua kitu."

"Na huku kwenye mkunjo?" aliuliza Lancelot, akipindua karatasi.

"Kondoo," alisema Hilda.

Lancelot alikwenda mezani, akashika kiti cha mwaloni, akakivuta kwa mkono wake kama alivyoahidi. "Haya, binti. Misumari ninayo mfukoni."

Hilda akakaa.

Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Egemeo lilikuwa na pembe iliyomchoma mahali palepale ilipomchoma baba yake, aliyekuwa akirudi nyumbani akijikuna. Magoti yalitaka kuondoka. Aliyashika kwa mikono miwili chini ya meza. Mlango ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa upande wa ndani.

"Jambo la kwanza," alisema Lancelot. "Kuhusu wale ngamia wa Howgate. Kuna waliolalamika, Amos kwa mfano, bado ana koti lenye doa. Mkataba wake umeisha tarehe ishirini na tano. Je, tumpe tena shamba la nyasi, au..."

Mlango ukafunguliwa. Yvonne aliingia na sinia, birika lile lile, vikombe vile vile, na keki ya tangawizi iliyoungua kidogo upande mmoja. Lancelot alikuwa amemwomba asubuhi ile, kwa kuwa mtu wa chai wa siku zote safari hii angekuwa ameketi.

"Chai, wapenzi," alisema Yvonne. Alimkonyeza Hilda, kwa furaha ya kweli kabisa, akaweka sinia mezani. Watu kumi na watano waliitazama meza. Yvonne alitoka, akafunga mlango nyuma yake.

"...au tumwondoe," Lancelot alimalizia. "Maana tukimruhusu yeye, basi na..."

Hilda alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama.

"Huo hapo mkia wake," alisema.

"Mkia wa nini?"

"Wa sentensi. Miaka arobaini nautafuta." Alinyoosha mkono. "Nipe karatasi yangu, Lance."

Aliikunjua, akasoma ile mistari minne kwa sauti ya kusomea watu anwani, bila kupanda wala kushuka. Alipofika kwenye moto unaowashwa, alirudia.

Lancelot akasema polepole, "Hilda. Ikunje hiyo karatasi. Kiti umeshapata. Umekikalia."

"Desturi huigusi. Si ndivyo ulivyoniambia?"

"Nilikuwa nimeshika kondoo."

"Unaishi wapi, Lance?"

"Unajua ninapoishi. Umeniletea barua."

"Waambie."

Lancelot alivua miwani. "Kwenye kile kinyumba kipya cha barabarani."

"Na Raisgill nani anawasha moto?"

"Mwanangu," alisema Lancelot. "Na mkewe." Alifikiri. "Hasa mkewe."

Sasa kila mtu alianza kujitazama. Mmoja alikuwa amehamia kwa dada yake. Mmoja alikuwa amegeuza nyumba ya babu kuwa ya wageni wa kiangazi na yeye analala kwenye gari la mapumziko. Walihesabu kwa vidole, wakacheka kicheko cha wasiwasi, wakahesabu upya. Saba kati ya kumi na watano hawakuwa na haki ya hata kuegemea vile viti.

"Imeandikwa?" aliuliza Amos Bowness wa Nether Moss.

"Imeandikwa."

"Basi imeandikwa," alisema Amos, na akajimiminia chai, kwa kuwa yeye haikumhusu.

Hilda alimkuta Yvonne nje, akipanga sahani kwenye ndoo.

"Wanataka sukari?"

"Wanakutaka wewe. Ingia."

"Mimi? Nimefanya nini? Ni keki?"

"Ile karatasi, upande wa pili. Si kondoo. Nilikudanganya." Alisema yote hapo hapo, haraka, macho kwenye ndoo: nyumba, moto, kiti. "Ni chako. Kilikuwa chako miaka sita. Tena wanajadili wanyama wako, kwa hiyo nenda upesi."

Yvonne aliiweka sahani chini. Hakumwita mpenzi. "Siku kumi na moja, Hilda."

"Ndiyo."

"Nimewaambia hata alpaka."

"Najua."

Yvonne alivua aproni, akamtupia, si kwa upole, akaingia. Mlango ukafungwa.

Baadaye kidogo ulifunguliwa tena na Lancelot akatoka, kofia mkononi, mke wa mwanawe akiwa ameshapigiwa simu aje akalie kiti. Alikaa juu ya ukuta, kwenye kile kipande cha hatua kumi na tisa, akapumua.

"Miaka thelathini na mitatu," alisema. "Umenitoa kama paka kwenye kiti cha mgeni."

"Shika hicho kitambaa. Ukaushe vikombe."

"Sijawahi kukausha vikombe."

"Utahesabu ukifika. Kumi na sita si vingi."

Alianza kukausha, vibaya. "Lakini ulikuwa nacho, binti. Dakika kumi nzima ulikuwa nacho. Kikoje?"

"Kinachoma mgongo," alisema Hilda, na ilibidi ageuke ashughulikie birika ambalo halikuwa na shida yoyote.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Newcastle, imepanda: "Kabla hatujafika kwa alpaka, wapenzi, mimi nataka kuuliza, kwa nini ukuta wangu umetengenezwa miaka sita na mtu ambaye..." Upepo ukabamiza lango, na maneno yaliyobaki yakapotea.

Lancelot alisogea, akapapasa nafasi kwenye jiwe kando yake.

Hilda hakukaa. Alitazama saa ya kanisa, akatazama mlango, akaanza kutembea, kutoka langoni hadi kwenye jiwe lenye herufi H, na kurudi.